Utambeba Mpaka Wapi?

Ninaikumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu Ilunga, asubuhi niliyowakimbiza watu wa mtaa mzima bila kumtishia hata mmoja. Wewe hukuwepo. Ulikuwa Lubumbashi unasoma, na mimi na mama yako tulikubaliana kwamba habari hiyo isipande treni ikufikie huko. Miaka ishirini na mitano tumeifungia mdomo. Lakini Jumapili uliponipigia simu ukaniambia kwamba daktari amekukemea, damu inapanda, kitambi kinatangulia, na ile mashine ya kukimbilia uliyoinunua sasa mke wako anaanikia nguo za mtoto, nilicheka mpaka simu ikaniponyoka mkononi. Kisha nikaiokota. Nikasema moyoni, haya, zamu yake imefika.

Uliniambia hupendi mazoezi. Mwanangu, hapo hukuniambia jipya. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mimi shuleni, kwa Wamethodisti, mwalimu wa michezo akitupanga mstari turuke na kukimbia, nilikuwa najitolea kushika mashati ya wenzangu. Nilishika mashati miaka sita na hakuna aliyeniuliza. Wenzangu walicheza mpira. Mimi nilitaka kujua mpira umeshonwaje, na pumzi inaingilia wapi. Udadisi ndio ugonjwa niliozaliwa nao, na jasho niliwaachia wanaolipenda. Nilipopata kazi ya ukarani katika ofisi ya serikali hapa Kamina, wakanipa meza, kiti chenye mto na mihuri mitatu, nilijua kwamba Mungu amenielewa.

Basi nikakaa. Nilikaa vizuri mpaka nikafika miaka arobaini na saba. Asubuhi kijana wa baiskeli ya abiria ananipeleka ofisini, jioni ananirudisha. Kwenye kile kilima kidogo karibu na stesheni alikuwa anahema sana, nami nilikuwa namwonea huruma kwa kuwa na kifua dhaifu. Sikuwahi kujiuliza amebeba nini. Na watu wakinisalimia walinisifu: “Papa Ilunga, unanona! Mama anakutunza!” Unajua kwetu, karani akikonda watu wanauliza kama mkewe amekasirika. Kitambi changu kilikuwa heshima ya nyumba nzima.

Siku moja kichwa kikaniuma siku tatu mfululizo, nikaenda kituo cha afya. Nesi, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, akanifunga mkononi kile kitambaa cha kupima damu, akakijaza upepo, akatazama, akafungua, akafunga tena. Akaniuliza, “Baba yako iko muzima?”

Nikamwambia baba yangu alikufa akiwa na miaka hamsini na mmoja. Aliinama kufunga kamba za viatu, hakuinuka.

“Na weye iko na miaka ngapi?”

“Arobaini na saba.”

Akanitazama, akaandika kitu. Akasema, “Batoto bako banakuhitaji bado, papa. Punguza chumvi, kunywa dawa, na mwili huu uutembeze. Ukimbie kidogo asubuhi kama baaskari ba Base.”

Nilirudi nyumbani nikihesabu. Hamsini na mmoja toa arobaini na saba. Dada yako Numbi alikuwa na miaka minne tu. Nikifa kama baba, angekuwa na minane. Usiku ule sikumwambia mama yako kitu, lakini niliogopa, mwanangu. Niliogopa kweli.

Sasa sikiliza kosa langu, maana kosa lenyewe ni la watu kama sisi. Askari wa Base, ile kambi ya jeshi, wakikimbia barabarani wanaimba, hakuna anayewashangaa, ndiyo kazi yao. Lakini karani wa serikali, mzee wa kanisa, akimbie barabarani asubuhi na kaptula? Watu watasema nini? Nilifikiri siku mbili, nikapata hila. Nilivaa suruali yangu ya ofisi, shati jeupe, viatu vyeusi, na nikachukua mkoba wangu wa ngozi. Nikaujaza magazeti ya zamani ili utune, na taulo juu yake. Nilisema, wakiniona watadhani nimechelewa kazini. Nilijiona mwerevu. Mama yako alikuwa bado amelala, na wadogo zako, na Numbi katikati yao.

Nimesahau kukukumbusha miaka ile ilikuwaje. Vita vilikuwa jirani. Watu wa Malemba-Nkulu walikuwa wamejaa kwetu, wamekimbia wanamgambo, wanalala kwa jamaa zao na kwenye madarasa. Kila nyumba ilikuwa na kifurushi kimefungwa karibu na mlango. Na watu wa Kamina walikuwa na kipimo chao walichojifunza kwa machungu: tangazo usilingoje, mtazame karani. Ukimwona karani wa serikali anatoka mapema na mkoba, ujue mambo yameharibika. Mimi nilikijua kipimo hicho. Nilikijua, na bado nikatoka nacho mkononi.

Nilianza taratibu. Wa kwanza kuniona alikuwa fundi Kasongo, mshonaji, jirani yetu wa nyumba ya nne, alikuwa anafungua dirisha lake. “Papa Ilunga, kunapita nini?” Sikuwa na pumzi ya kujibu, na ndio kwanza nimepita nyumba nne. Nikampungia mkono mbele, kwa maana ya kwamba naenda tu, tutaongea. Yeye akauona mkono wa serikali unamwonyesha njia ya kukimbilia.

Kwenye njia panda alikuwepo Mama Ngoie, mwanamke aliyekimbia Malemba, alikuwa anakaanga maandazi. Alinitazama mimi, akautazama mkoba, akasimama. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sikumsikia akisema lolote, nilisikia tu karai la mafuta linapinduka nyuma yangu.

Kisha nikasikia miguu. Kwanza miwili, kisha kumi, kisha sikuweza kuhesabu. Nikageuza kichwa: fundi Kasongo amekumbatia kitu, wanawake wamejitwika vifurushi, mchungaji na mkewe, watoto wanavutwa mkono. Wote wanakuja mbio upande wangu na nyuso za hofu. Ee Mungu wangu, nikasema, vita vimefika! Na mimi nikaongeza mbio. Mwanangu, mwili huu ambao haukuwahi kuruka hata kamba ulivuka pampu ya maji, ukavuka reli, ukapita nyumba ya yule dereva mstaafu wa treni, ukaenda mpaka mwisho wa mtaa, pale palipokuwa na nyumba ya nkambo wako Kabange, mama wa mama yako. Uani kwake magoti yakakataa. Nikaanguka chini, mkoba kifuani, macho yanaona nyota asubuhi kweupe. Moyo ulikuwa unapiga mpaka kwenye meno. Nilisema, baba alikufa kwa kamba za viatu, mimi nakufa kwa mkoba.

Watu wakafika, wakanizunguka. Fundi Kasongo akaniinamia.

“Beko wapi?”

“Banani?” nikamuuliza.

“Bale banakufukuza!”

“Ni ninyi njo munanifukuza!”

“Siye? Siye tunakufuata weye!”

 Kisha mmoja akaanza kucheka, mwingine akatukana, mchungaji akakohoa. Dereva mstaafu akasema kwamba katika maisha yake yote ya reli hajawahi kuona kichwa cha treni kinayakimbia mabehewa yake mwenyewe. Wakaanza kurudi mmoja mmoja. Mama Ngoie hakucheka. Alikaa chini amemfunga mtoto wake kifuani kwa mikono miwili, na wanawake wawili wakamwinua wakaondoka naye.

Nikabaki mimi na nyumba ya mama mkwe wangu.

Ninyi vijana buko, ile heshima ya ukwe, mmeifanya mchezo, mnakula na wakwe zenu meza moja na mnataniana. Kwa Waluba wa wakati wetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hamwiti jina, haingii nyumbani kwake, na mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Hiyo si chuki, ni heshima kubwa. Inaendelea hivyo mpaka mkwe alete zawadi ya kuifungua, mbuzi au kuku au jembe, na mama aikubali. Mimi nilimpelekea mbuzi mara mbili, akawarudisha. Hakusema kwa nini, na swali hilo lilinikera miaka ishirini na mbili. Basi tukiwa na jambo la kusemezana na hakuna mtu wa kati, tuliongea na mlango. Yeye ndani, mimi nje, na mlango ndio unaopewa maneno.

Nikaona mkono unatoka, ukaweka kikombe cha maji kizingitini, ukarudi ndani. Nikanywa. Alingoja mpaka kifua changu kimetulia.

“Weye mulango,” akasema, “uulize mukwe wangu, alikuwa anaenda fasi gani?”

“Mlango, mwambie mama sikuwa naenda mahali. Nilikuwa nafanya mazoezi.”

“Muntu anakimbia, haende fasi, hakuna anamufukuza. Na kichwa iko muzima?”

“Ni muzima, mama. Nesi ndiye aliyenituma.” Nikaueleza mlango yote, damu, baba yangu, hamsini na mmoja.

 Kisha akauliza kwa sauti ndogo, “Mulango, wakati alisikia bantu nyuma yake, alifikiri vita njo inakuja. Ni vile?”

“Ndiyo, mama.”

“Na alirudi kwa mutoto wangu na batoto yake?”

Mwanangu, hapo ndipo nilipopata kuanguka kwa kweli. Lile la kwanza lilikuwa la magoti. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo hata kidogo. Niliamini vita vimekuja. Niliamini kwa moyo wangu wote. Na mke wangu amelala, na wanangu wamelala, na mimi nikaongeza mbio kwenda mbele.

“Hapana, mama,” nikasema. “Sikurudi.”

“Alibeba nini?”

“Mkoba.”

“Ndani muko nini?”

“Magazeti ya zamani. Na taulo.”

Sikusikia kicheko. Ningependa angecheka. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Yeye akasema, polepole, kama anayepeta unga: “Ile njia alitia woga na mbio, airudilie na miguu. Nyumba kwa nyumba. Aseme hakuna vita. Na kila muntu amuulize, alishika nini mbele ya vintu vyote. Akuje aniambie. Minyi nataka kujua.”

Alinijua, yule mama. Angeniambia nenda ukaombe msamaha, ningeenda kwa kuburuta miguu, nyumba mbili, kisha ningeumwa kichwa. Lakini kuulizwa jambo nisilolijua! Nilikuwa nimeinuka kabla hajamaliza. Kuuliza si ujinga, na kwangu mimi kuuliza ni chakula, kama ugali wetu wa bukari na mboga ya sombe.

Nilirudi kwa miguu nikigonga kila mlango. Dereva mstaafu alikuwa amebeba ufunguo mkubwa wa kichwa cha treni ambacho kilikwisha kuuzwa chuma chakavu. Mke wa mchungaji alibeba saa ya ukutani isiyotembea. “Kwa nini ile, mama?” “Sijui, Papa Ilunga, mukono njo ulichagua.” Fundi Kasongo alibeba kichwa cha cherehani, akaziacha suruali za watu wote, na mpaka jioni walikuwa wanamsema. Mzee mmoja alibeba kiti. Nikamuuliza anakimbia na kiti aende wapi? Akasema, “Kule nitafika, nitakaa wapi?” Kila jibu lilizaa swali, na kila swali lilinipeleka mlango mwingine, na jua likapanda nisijue.

Mama Ngoie nilimkuta kwa jamaa zake, nyuma ya kanisa. Nilimwomba radhi. Nikamuuliza swali langu, kwa aibu, maana jibu nililiona mwenyewe pale uani.

“Minyi nilishika mutoto,” akasema. “Basi. Kule Malemba, mara ya kwanza, nilishika sufuria. Nilifikiri mutoto iko na baba yake, na baba yake alifikiri iko na minyi. Tulimutafuta siku tatu mu pori. Mungu alitusaidia, tulimupata. Toka ile siku, minyi sishike kintu kingine.”

Kesho yake nilimpelekea unga na mafuta, nimebeba mwenyewe kichwani, nimevaa suti yangu ya ofisi. Watu wacheke wanavyotaka.

Jioni ile ya kwanza nilirudi kwa nkambo wako nikauambia mlango majibu yote. Jibu la Mama Ngoie nililisema mwisho.  Ni hapo nilipogundua kwamba miguu inauma. Niliitazama. Nilikuwa nimeutembea mtaa mzima, kwenda na kurudi, vichochoro na vyote, mara tatu ya ile njia niliyoikimbia, na hakuna wakati niliposema moyoni kwamba nafanya mazoezi. Jambo hilo lilinishangaza sana. Nililigeuza-geuza kichwani kama mtoto aliyeokota nati ya baiskeli.

“Mulango,” akasema mama mkwe, “bado swali moja. Ule mutoto mudogo, Numbi. Vita ikikuja kweli, atamubeba mpaka wapi?”

“Mama, nitambeba mpaka popote!”

“Mulango hauamini maneno.”

Jumamosi asubuhi nikamtia Numbi mabegani. Nikawaambia watu tunaenda kumsalimia nkambo. Mkoba niliuacha. Mwanangu, nilitaka kujua kweli, kwa udadisi tu, nilidhani nitafika angalau kwenye reli. Nyumba ya kwanza, ya pili. Nyumba ya tatu mgongo ukaanza kulalamika. Kwa fundi Kasongo, nyumba ya nne, nikamshusha na nikakaa kwenye kizingiti chake, jasho linanitoka kama mvua. Numbi akanitazama. Akaniuliza, “Papa, tumefika?”

Nikamwambia, “Bado, mama.”

Sikulia mbele yake. Lakini niligeuka nikajifanya natazama nguo za fundi. Nilielewa kwamba ile asubuhi hata ningerudi nyumbani, hata ningekuwa baba mwema kuliko wote wa Kamina, vita vingetukuta kwa fundi Kasongo. Nyumba nne. Moyo wa kumpenda ninao, miguu ya kumbeba sina.

Hapo ndipo nilipoanza. Sikununua kitu. Jumamosi ilikuwa siku ya kumbeba Numbi, na siku nyingine nilitembea kwenda ofisini. Yule kijana wa baiskeli nilimuaga kwa heshima, na kwa mara ya kwanza nilimuuliza kifua chake kinaendeleaje. Akaniambia kimepona siku ile ile nilipoacha kupanda. Lakini kutembea tu kuliniudhi, nikuambie ukweli. Mtaa ule ule, vumbi lile lile. Kwa hiyo kila asubuhi nkambo wako alinipa swali ambalo jibu lake liko mbali. Nilipita uani kwake, mlango ukaniuliza. Treni ya Bukama imefika na samaki, au imelala njiani tena? Yule anayechoma makaa ng’ambo ya reli, mkewe amezaa nini? Kwa nini maji ya pampu yana ladha ya chuma siku ya Jumatatu tu? Hilo la pampu sijalipata mpaka leo, na nimelitembelea miaka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka habari sharti atoke nje.

Usidhani nilipanda tu. Jumamosi ya tano nilifika kwenye njia panda, Mama Ngoie akanipa andazi, Numbi akala lote. Miezi miwili, nikafika pampu. Kisha mvua zikaanza, matope, nikashikwa na malaria wiki mbili, na niliporudi nilimshusha kwa fundi Kasongo tena. Nyumba nne! Nilikasirika, nikamwambia mama yako basi, naacha, kila mtu na siku yake. Mama yako hakunibembeleza. Aliniambia, “Sawa. Nani atamuambia Numbi?” Nikavaa viatu. Na kulikuwa na jambo lingine lililonichekesha: kila nilipopata nguvu kidogo, na yeye alikuwa anakua. Nilikuwa nashindana na bukari ya mtoto wangu mwenyewe.

Nesi alinipima baada ya miezi sita. Akafunga kitambaa, akafungua, akafunga tena. “Unafanya nini?” akaniuliza. Nikamwambia nauliza maswali. Akaandika kitu, na akaniambia dawa nisiache. Sikuacha, na wewe usiache, kutembea hakukufanyi daktari.

Kiangazi kikarudi. Jumamosi moja, Numbi ana miaka mitano kamili na miguu mirefu inayonipiga kifuani, tukampita fundi, tukapita njia panda, tukapita pampu. Kwenye reli niliposimama siku zote, nikasimama. Nikayauliza magoti. Yakanyamaza. Tukavuka. Dereva mstaafu akatoka nje akapiga mluzi wa treni kwa mdomo, na watoto wakatufuata wakiimba, na safari hii wote tuliokuwa tunaenda tulijua tunakwenda wapi.

Uani nilisimama mbele ya mlango. Nilikuwa nahema, lakini nilikuwa nimesimama. Nikasema, “Mlango, mwambie mama tumefika. Sikumshusha hata mara moja.”

 Nikasikia hatua za miguu, kisha mlango ukafunguka wote. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama pale bila kujificha uso, mwanamke mdogo, mdogo kuliko sauti yake, mikunjo mingi na meno mawili, na ananitazama machoni. Mimi nikainamisha kichwa haraka, kwa mazoea. Nikasema sina zawadi, mama, mbuzi sikuleta.

“Mbuzi kila muntu analeta,” akasema. “Nilitaka kujua binti yangu na batoto yake niliwapa nani. Zawadi iko juu ya mabega yako. Umushushe sasa. Ingia, mukwe, miguu inachoka.”

Aliniita mkwe, yeye mwenyewe, bila mlango katikati. Tulikula samaki wa Bukama siku ile, yeye na mimi na Numbi, sinia moja. Miaka tisa baadaye tulipomzika, mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake mabegani, kutoka uani mpaka makaburini, na sikubadilishana na mtu. Nilikuwa nimekwisha kupita hamsini na mmoja. Siku nilipoupita umri wa baba yangu nilikuwa njiani kwenda kuulizia treni.

Sasa mwanangu, nasaha yenyewe. Mazoezi siyapendi mpaka leo. Nina miaka sabini na miwili na ukiniambia niruke nitakuombea. Usijilazimishe kupenda usichopenda, utachoka nacho kama ulivyoichoka ile mashine. Wewe umenirithi mimi, wewe ni mtu wa kutaka kujua. Basi ufanye udadisi wako ukae mbali na kiti chako, ukautafute kwa miguu. Anza na nyumba nne kama huwezi tano. Ukirudi nyuma, usione haya, anza tena pale pale. Usione haya ya watu pia, maana mimi nilipotaka kuficha kwamba nafanya mazoezi ndipo nilipokaribia kuua mtaa kwa hofu. Na usikimbie tu kwa kuogopa kufa. Mtu anayekimbia kifo anabeba mkoba. Jua ni nani utakayembeba, kisha uuandae mwili kwa ajili yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe ufa umekwisha kuonyeshwa na daktari.

Nami nakupa swali, kama nilivyopewa. Mtoto wako Kabange, uliyempa jina la nkambo wako, sasa ana miaka mitano. Kesho asubuhi mweke mabegani, utoke naye kwenye lango. Utambeba mpaka wapi? Usiniambie popote, mimi pia siamini maneno. Mahali utakapomshusha, simama, utazame ni mlango wa nani, umsalimie mwenyewe, kisha unipigie simu uniambie jina lake. Sitakucheka. Mimi nilimshusha kwa fundi.

Mungu akupe magoti yasiyokataa na akupitishe umri wa babu yako kama alivyonipitisha mimi. Akupe njia ndefu na habari nzuri mwisho wake. Wale unaowabeba leo wawe na nguvu siku utakapohitaji kubebwa. Naingoja simu yako, na mkoba uuache nyumbani.